Kwa nini tunasema "mpishi" lakini hatusemi "pishia"?

Swali: Nafundisha Kiswahili. Mwanafunzi ameniuliza kwa nini *pika* hutoa *mpishi*, k ikageuka sh, ilhali *pikia* haigeuki kuwa *pishia*, na i ni ileile. Tena *lea* hutoa *mlezi*: hiyo z imetoka wapi? Nilimjibu kwamba ndivyo lugha ilivyo, na jibu langu mwenyewe halikuniridhisha.

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako ana sikio zuri. Kosa lake ni moja tu, tena la kila mtu: anaamini i hizo mbili ni ileile. Leo ni moja. Zamani zilikuwa mbili.

Kibantu cha kale, lugha mama ya Kiswahili na ndugu zake, kilikuwa na irabu saba, si tano. Kulikuwa na i ya juu kabisa, ambayo ulimi ulipanda hadi karibu kugusa kaakaa, na nyingine iliyokaa chini yake, kati ya i na e. Kiambishi cha mtendaji, kile cha *mpishi*, kilikuwa na i ya juu. Kile cha kutendea, cha *pikia*, kilikuwa na ile ya chini. Kiswahili kiliziunganisha, lakini Kikuyu bado kinazo zote saba, ndiyo maana huandikwa kwa i na ĩ, u na ũ. Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha kutoka Ujerumani, alikwisha kuzitofautisha irabu hizi mwaka 1899 kwa kulinganisha lugha za Kibantu zilizo hai.

Sasa tamka *ka*, kisha *ki*, polepole. Utahisi ulimi ukisogea mbele katika ya pili. Mbele ya ile i ya juu, njia ya hewa ilibana mno hata k ikatoka na mkwaruzo. Watoto waliosikia mkwaruzo huo hawakuuona kuwa k iliyoharibika. Kwao hiyo ndiyo ilikuwa sauti yenyewe, wakaitamka hivyo. Hakuna aliyeamua. Na haikuwa k peke yake: *fuata* ikatoa *mfuasi*, *penda* ikatoa *mpenzi*, *gomba* ikatoa *mgomvi*. Kilatini nacho kilipitia jambo la aina hii: *centum*, yaani mia, ilianza kwa k. Katika Kiitaliano leo inaanza kwa ch, katika Kifaransa kwa s, lakini katika kisiwa cha Sardinia, Italia, kuna wanaosema *kentu* mpaka sasa.

Kuhusu *mlezi*, hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Geuza *lea* iwe ya kutendwa: *lelewa*. L imetokea wapi? Haikutoka popote, ilikuwamo tangu mwanzo. Kitenzi kilikuwa *lela*. Mwishoni mwa kitenzi l ilidondoka, ndani ya *lelewa* ikasalia, na mbele ya i ya juu ikawa z. Sauti moja, hatima tatu. Hata mpangilio wa matukio unaonekana: z ilitangulia, kwa sababu kama l ingekuwa imekwisha kudondoka, pasingebaki kitu cha kugeuka z. Mjaribishie mwanafunzi na *okoa, okolewa, mwokozi*.

Majina hayana umbo la kutendwa, kwa hiyo kwa *mvua* na *njaa*, ambayo nayo yalidondosha l, tunaziuliza lugha ndugu. Kichewa, cha huko Malawi, husema *mvula* na *njala*.

Atakuuliza pia kuhusu *mshindi*, mbona si *mshinzi*. Hapo nguvu nyingine imeingilia: wasemaji huliunda neno upya ili lifanane na kitenzi chake. Na *samaki* na *riziki* hayakuguswa kwa kuwa yaliingia kutoka Kiarabu wakati kanuni hiyo ilikuwa imekwisha nguvu. Mabadiliko ya sauti huwa na msimu wake. Yakipita, maneno mapya huingia salama.

Mtahadharishe jambo moja tu, asione l akadhani kila mara ni ya kale. *Sahau* imetoka Kiarabu, na huko haikuwa na l hata kidogo. Lakini wasemaji, wakiwa wamezoea *chukua, chukuliwa* na *kataa, kataliwa*, waliipa nayo l yake: *sahauliwa*.