Siku mbili Annecy: chagueni ziwa moja, mkae hapo

Mume wangu alikuwa na mkutano wa kazi Geneva mwezi wa sita, nami nikamfuata. Watoto tuliwaacha Mwanza kwa bibi yao. Miaka kumi na moja ya ndoa, na hatukuwahi kusafiri wawili tu pasipo mtoto, harusi wala msiba. Mkutano ulipokwisha tukabakiwa na siku mbili, na mimi nilikuwa nimeshazijaza kwenye simu: Paris, Milano, Zurich, Mont Blanc. Baba watoto akasoma, akanirudishia simu. "Mama, hapa tutaona vituo vya treni tu."

Alisema kweli. Mkiwa na siku mbili, nawasihi, chagueni ziwa moja lenye mji kando yake, mfungue begi mara moja tu. Sisi tulichagua Annecy, upande wa Ufaransa, chini ya milima ya Alps.

Kufika ni rahisi. Tangu Desemba 2019 kuna treni ya moja kwa moja kutoka Geneva kupitia Annemasse, safari ya kama saa moja na nusu. Mpaka mnauvuka bila kuuona, kwa sababu Uswisi na Ufaransa zote zimo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, ila pasipoti yenyewe iwe mkononi, si picha yake kwenye simu. Visa huombwa ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kwetu ilikuwa Uswisi. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari iwe na fidia isiyopungua euro 30,000, na ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Msingoje mwezi wa mwisho.

Jambo moja hatukulijua. Mwezi wa sita Annecy huwa na tamasha kubwa la filamu za katuni, lililoanza mwaka 1960, na wiki hiyo vyumba vya mjini huisha au bei hupaa. Ikatubidi tulale Sevrier, kijiji kilicho kando ya ziwa kilomita chache kutoka mjini, na sasa hata tamasha lisipokuwapo nitalala hukohuko. Asubuhi unafungua dirisha unakuta maji.

Na maji yale! Mimi ni mtoto wa Ziwa Victoria. Annecy ni ziwa dogo, kilomita za mraba 27 hivi. Ziwa letu lingelimeza zaidi ya mara elfu mbili. Lakini nilisimama kwenye gati la mbao nikahesabu kokoto chini kabisa, na samaki wadogo wakipita katikati yake. Halikuwa hivyo siku zote. Miaka ya 1950 maji taka ya vijiji na hoteli yaliingia humo moja kwa moja, ziwa likaanza kuchafuka. Mwaka 1957 halmashauri za pembezoni zikaungana, kisha likazungushwa bomba kubwa la kukusanya maji taka yote na kuyapeleka kusafishwa mbali na ziwa. Nilifikiria mto Mirongo unavyopita katikati ya Mwanza na rangi unayokuwa nayo ukifika ziwani, moyo ukaniuma. Wale watu hawakuwa na muujiza wowote. Walikubaliana, wakachimba, wakalaza mabomba.

Siku ya kwanza tulikodi baiskeli za umeme. Upande wa magharibi wa ziwa kuna njia ya baiskeli iliyojengwa palipokuwa reli ya zamani, kwa hiyo haina milima ya kukutoa roho, na magari hayaingii. Kutoka mjini hadi Duingt ni kama kilomita 12. Hapo Duingt njia inaingia kwenye handaki la treni la zamani. Nje jua lilikuwa linachoma; mle ndani baridi ikatupiga usoni ghafla, sauti za magurudumu zikawa zinarudi kutoka ukutani. Mume wangu akapiga kengele. Akapiga tena. Sijui mara ya mwisho kumsikia akicheka vile ilikuwa lini. Mnaweza kulizunguka ziwa lote, kilomita 40 hivi, ila upande wa mashariki una vilima na sehemu nyingine mnapita pamoja na magari. Sisi tuligeuza, na hatukupungukiwa kitu.

Kuhusu chakula, shikeni saa. Jiko la mchana hufanya kazi saa sita hadi saa nane, kisha hufungwa mpaka saa moja jioni. Tulifika mgahawani saa nane na nusu tukiwa na njaa ya baiskeli, tukaambiwa kwa upole kwamba imekwisha. Tukanunua mkate, nyanya na jibini ya reblochon, ambayo hutengenezwa milimani jirani, tukala kwenye nyasi za Pâquier, uwanja wa wazi kando ya ziwa, tukitazama maji. Asubuhi za Jumanne, Ijumaa na Jumapili kuna soko kwenye vichochoro vya mji mkongwe, kandokando ya mto Thiou unaotoka ziwani. Jioni mkipata samaki aitwaye féra, mwagizeni: nyama nyeupe, laini, anatoka humohumo ziwani.

Kwa wanaoswali, jipangeni. Mwezi wa sita jua huzama kama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo Isha huingia karibu na usiku wa manane. Lakini jioni ndefu hiyo ndiyo zawadi yenyewe. Mnatembea taratibu, na mlima La Tournette unabadilika rangi mbele yenu.

Sasa kuogelea. Sisi wa kanda ya ziwa tumelelewa na onyo la kichocho, nami nilisita. Kichocho hakipo huko, ila yupo ndugu yake: kimelea cha bata ambacho hukosea kikadhani mtu ni ndege, kikaingia kwenye ngozi na kufia hapohapo. Hakina madhara zaidi ya vipele na mwasho wa siku kadhaa. Msikae muda mrefu kwenye maji ya kina kifupi yaliyopata joto, na mkitoka jifuteni papo hapo kwa taulo, kisha muoge.

Mume wangu ni mtu wa Dodoma. Alikuwa hajawahi kuingia ziwani kupita magoti. Siku ya pili jioni, pale Sevrier, alinishika mkono akaingia mpaka kifuani, meno yakigongana kwa baridi. Nikamwambia alale chali, nikaweka kiganja chini ya mgongo wake. "Usiniachie." "Nimekushika." Mgongo ulikuwa mgumu kama ubao, kisha nikausikia unalegea, pumzi ikatulia. Nikateremsha mkono polepole bila kumwambia. Alielea karibu dakika nzima, macho yakitazama milima, masikio yamezama, hakunisikia nikimwita.