Samadi mbichi kwenye mchanga: usipande viazi vitamu bado!

Mkuu, simama hapo hapo. Shamba ni mchanga mtupu, viazi vitamu vinatoka vyembamba kama mkia wa panya, na wiki ijayo unataka kufukia samadi mbichi ya kuku yenye maranda ya mbao, halafu upande marando (vipande vya shina la viazi) juu yake? Hapana.

Mchanga hauna mfinyanzi wala mboji ya kushika virutubisho. Mvua kubwa ikipiga, naitrojeni ya kuku inazama chini kabisa ambako mizizi haifiki. Mvua ikichelewa, amonia (gesi ya naitrojeni, ile harufu kali ya banda) na chumvi vinachoma marando kabla hayajashika. Yakinusurika, naitrojeni yote inaishia kwenye majani: shamba la kijani la kupigia picha, chini ya tuta viazi kama vidole. Kama shida yako ni matembele, endelea tu. Na pale maranda yalipozidi kinyesi utaona njano, maana vijidudu vinavyoozesha mbao vinakomba naitrojeni ya udongo kwanza, mmea unangoja foleni.

Aliyekwambia "samadi ni samadi, itaivia shambani" sijui mchanga aliuona wapi. Na mimi niliuziwa maneno hayo hayo, tuyaache. Ila jiulize kwa nini wauzaji wa samadi hawasemi "imeiva": samadi ikikaa miezi mitatu inapungua, na wao wanahesabu magunia.

Kwenye mchanga hakiingii kitu ambacho hakijaiva, yaani hakijaoza kikawa mboji. Basi.

Namna ya kuivisha: ndoo 1 ya samadi hiyo kwa ndoo 2 au 3 za majani makavu yaliyokatwakatwa. Usiongeze maranda mengine. Lundo lifike kimo cha mita 1 au zaidi kidogo, likiwa dogo halipati joto. Ukiminya konzi yake litoke tone moja au mawili, likichuruzika umezidisha maji. Ndani joto lifike nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, hapo ndipo mbegu za magugu zinakufa. Likipoa, geuza ya nje iingie ndani, ongeza maji. Siku ukiligeuza na kulimwagilia lisipande joto tena, na linanuka udongo badala ya banda, limekaribia. Huamini? Otesha kunde kwenye kopo la mboji hiyo. Zikiungua ncha, rudisha lundoni.

Usiitawanye shamba zima. Matuta yakiwa mita 1 kutoka moja hadi jingine, chimba mfereji, weka kilo 1 kwa kila mita ya mstari (hiyo ni tani 10 kwa hekta), kisha inua tuta juu yake. Rudia kila msimu, maana kwenye mchanga wenye joto mboji inaliwa upesi.

Ukitaka kuongeza majivu ya kuni ni sawa, viazi vinapenda potasiamu: gramu 50 hadi 100 kwa mita wakati wa kuinua tuta. Usiyatie kwenye lundo la samadi mbichi, yanafukuza amonia hewani. Udongo ukiwa na chumvichumvi au magadi, yaache kabisa.

Nafasi ya kupanda, sentimita 30 kati ya rando na rando.

Na kama tayari umeshaifukia, usipande viazi hapo. Weka unyevu, subiri wiki tatu au nne, panda mahindi yaimeze hiyo naitrojeni, viazi vije msimu unaofuata.