Anko, mchawi wangu nimchome au nimnyonge?

Mwezi huu karibu barua zote ni za wachawi. Sijui mmeambiana, maana tulipotangaza mada ya riwaya za vijana nilitegemea maswali ya mapenzi kama kawaida yenu, badala yake nimeletewa kesi za miaka ya 1600 na mabinti wanaoruka usiku. Poa tu, mi mwenyewe riwaya zinazochanganya historia na uchawi nazipenda kupita kiasi. Barua ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Anko shikamoo. Naandika riwaya ya vijana inayotokea Salem, Marekani, mwaka 1692, kwenye zile kesi za uchawi. Steringi wangu ni binti wa miaka 16, ana uchawi wa kweli aliorithi kwa bibi yake, mwisho anakamatwa anachomwa moto hadharani ila anapaa ndani ya moshi. Rafiki yangu kasoma akasema haina uhalisia. Nikamwambia bana hii ni fantasia, uhalisia wa nini? Nani yuko sahihi? (Mwandishi chipukizi)

Marahaba mwanangu. Rafiki yako ana pointi ila hakuimalizia. Kupaa sina shida nako hata kidogo, mpaishe tu. Shida ya kwanza ni huo moshi, Salem hakuchomwa mtu. Walinyongwa watu 19, kuanzia Bridget Bishop tarehe 10 Juni 1692 mpaka kundi la mwisho tarehe 22 Septemba, halafu mzee Giles Corey wa miaka themanini na kitu akalundikiwa mawe mpaka akafa sababu aligoma kujibu shtaka, na wengine wasiopungua watano wakafia gerezani wakisubiri. Lile lilikuwa koloni la Waingereza, na kwa Waingereza adhabu ya uchawi ilikuwa kitanzi. Moto kautafute Ujerumani, au Scotland, na hata huko Scotland kawaida walikuwa wanamkaba mtu kwanza ndo mwili unachomwa.

Sasa hilo la moto unalirekebisha jioni moja, kubwa ni la pili. Wale watu 19 walikuwa watu wa kweli, wana majina, wengine walikuwa bibi za watu wenye wajukuu, na hawakufanya chochote. Ukishaandika kwamba Salem kulikuwa na mchawi wa kweli, akakamatwa akahukumiwa, umempa hakimu haki bila kujijua. Yaani kitabu chako kizima kinalalamika kwamba mahakama ni katili huku ploti yako inasema mahakama ilikamata mtu sahihi! Msomaji wa miaka 14 anaweza asiweze kukueleza ni nini kimemkera ila kitamkera, na nadhani rafiki yako ndo kitu alichokisikia akakosa jinsi ya kukisema.

Dawa sio kutoa uchawi. Utenganishe na kesi. Mi ningekuwa we ningefanya hivi, binti ana nguvu zake za kweli, hajulikani, yuko kwenye benchi la nyuma anaangalia jirani yake asiye na nguvu yoyote akihukumiwa kwa uchawi. Hapo hata usipompa joka wala ufagio tayari ana tatizo la kutosha kurasa 300. Akisema ukweli je? Na Salem inakupa kitu kitamu zaidi ambacho waandishi wengi wanakiruka, nacho ni kwamba mwaka ule waliokiri uchawi hawakunyongwa, waliokwenda kitanzini ni wale walioshikilia kwamba hawana hatia. Samuel Wardwell alikiri, baadae akaona hapana akakana maneno yake, akanyongwa. Kwahiyo ukidanganya unaishi, ukisema kweli unakufa, halafu binti yako ndo mtu pekee mjini ambaye akikiri atakuwa hajadanganya. Ukishaiweka hiyo sura ya tano sioni msomaji anayelala.

Kama unataka kuacha msomaji abaki njia panda, yaani hajui uchawi upo au haupo, basi hama Salem nenda Pendle, Lancashire, Uingereza, mwaka 1612. Kuna binti anaitwa Alizon Device alikutana njiani na mchuuzi akamwomba pini, mchuuzi akagoma, binti akakasirika akamlaani, na jamaa akaanguka palepale upande mmoja wa mwili ukafa. Sisi leo tunasema kiharusi. Ila Alizon mwenyewe aliamini kabisa ni yeye kafanya, akaenda akapiga magoti kumwomba msamaha! Hapo huhitaji kuamua chochote, we mfuate tu kichwani mwake. Mwisho wake naye ni kitanzi, tarehe 20 Agosti mwaka huohuo, yeye na mama yake na kaka yake.

Kila riwaya ya Salem ninayosoma kuna mtumwa anaitwa Tituba anawafundisha wasichana uchawi jikoni. Ni kweli ilikuwa hivyo? (Msomaji wa kudumu)

Tituba alikuwepo, alikuwa mtumwa wa mchungaji Samuel Parris. Ila hiyo shule ya uchawi jikoni haimo kwenye kumbukumbu za kesi. Kilichomo ni keki moja ya ajabu, ya unga uliochanganywa na mkojo wa wasichana waliokuwa wanaugua, mbwa akalishwa hiyo keki ili mchawi ajulikane, na aliyetoa wazo hilo ni jirani Mwingereza, Mary Sibley, muumini safi wa kanisa. Yeye hakushtakiwa, Tituba ndo akaenda jela. Mwandishi anayemtumia tena Tituba kama mwalimu wa ushirikina anamtupia mzigo ambao hata mashahidi wake hawakumtupia, mi vitabu vya namna hiyo naviweka chini mapema.

Anko, kwanini steringi ni miaka 16 au 17 siku zote? Binti yangu ana 11 anauliza watoto wa umri wake walikuwa wapi. (Baba msomaji)

Umri wa 16 ni wa kibiashara tu, unaruhusu mapenzi kidogo na msomaji wa miaka 13 anapenda kusoma waliomzidi. Lakini mwambie binti yako ameuliza swali zuri kuliko wachapishaji wengi, sababu kwenye hizi kesi watoto walikuwa katikati kabisa ya uwanja. Salem walioanza kuugua ni Betty Parris wa miaka 9 na binamu yake Abigail Williams wa miaka 11. Kulikuwa na katoto kanaitwa Dorothy Good, miaka minne au mitano, kalifungwa minyororo gerezani miezi kadhaa na mama yake akanyongwa. Kule Pendle shahidi mkubwa alikuwa Jennet Device, mdogo wake Alizon, kama miaka 9 hivi, alisimamishwa juu ya meza mahakamani ili aonekane, mama yake akawa anapiga kelele mpaka akatolewa nje ndo mtoto aendelee. Na akaendelea. Familia yake ikanyongwa kwa ushahidi wake, halafu mwaka 1634 mwanamke mwenye jina hilohilo la Jennet Device akajikuta na yeye anashtakiwa kwa uchawi kwa maneno ya kijana wa miaka kama 10, Edmund Robinson, ambaye baadae alikiri kwamba alitunga. Hatuwezi kuapa kwamba ni Jennet yuleyule, lakini mwandishi wa riwaya nani kamwambia aape?

Sweden nako kuanzia 1668 watoto walikuwa wanasema wanachukuliwa usiku kupelekwa Blåkulla kwenye karamu ya shetani, watu wakauawa kwa maneno hayo, mpaka 1676 jijini Stockholm watoto walipoanza kukiri kwamba wamedanganya ndo moto ukazimika. Mi nasubiri riwaya ya mtoto wa kwanza kukiri. Anasimama wapi, anamwambia nani, na wale wenzake aliowaacha kwenye uongo wanamfanyaje kesho yake.

Je, wavulana hawana nafasi? Vitabu vyote ni mabinti na bibi zao wa mitishamba. (Kijana wa kidato cha pili)

Nafasi ipo kubwa tu. Ni kweli wengi waliouawa Ulaya walikuwa wanawake, lakini Iceland karibu wote waliochomwa walikuwa wanaume, na huko kosa mara nyingi lilikuwa kukutwa na alama za uchawi, michoro iliyochongwa au kuandikwa. Kijana anayejua kuandika, anakopi mchoro asioujua maana yake, unaweza kuanzia hapo. Na hao bibi wa mitishamba usiwaamini sana, wakunga hawakuwindwa kama vitabu vinavyodai, mara nyingi walikuwa upande wa mahakama, wanaitwa kukagua miili ya washtakiwa.

Tena kuna mtu anaitwa Johannes Junius, alikuwa meya Bamberg, Ujerumani. Mwaka 1628 akiwa gerezani alimwandikia binti yake Veronica barua ya siri, mikono imeharibiwa na vyuma vya kubana vidole, akamweleza kwamba yote aliyokiri ni uongo, na kwamba mtesaji mwenyewe alimsihi atunge chochote maana hawatamwachia. Barua ipo mpaka leo. Aliyeipitisha nje ya gereza ni nani, na Veronica aliisoma wapi, hapo ndo pa kijana wako kuingilia.

Mhariri anasema uchawi kwenye muswada wangu "hauna bei". Anamaanisha nini jamani? (Niliyekata tamaa)

Anamaanisha mhusika wako kila akibanwa anatoa nguvu mpya, kama mtu anayechomoa noti mfukoni bila hata kuangalia zimebaki ngapi, na msomaji ameshaacha kuogopa. Usikae ukatunge sheria 40 kwenye daftari, angalia watu wa zamani waliamini nini sababu imani zao zilikuwa na mipaka tayari. Kaskazini mwa Ulaya waliamini upepo unafungwa kwenye mafundo matatu ya kamba, la kwanza likifunguliwa unakuja upepo mzuri, la pili upepo mkali, la tatu dhoruba. Basi. Mafundo matatu yakiisha yameisha. Na ukitaka kujua fundo la tatu lina uzito gani, Finnmark, Norway, mkesha wa Krismasi 1617 dhoruba ya ghafla iliua wavuvi 40 siku moja, miaka michache baadae wanawake wakachomwa kwa madai kwamba wao ndo waliifungua. Mpe binti wa miaka 15 kamba yenye fundo moja lililobaki na baba yake yuko baharini, uone kama mhariri atauliza bei tena.

Binti yangu wa miaka 13 anameza hivi vitabu, wifi yangu anasema nalea mchawi. Nimnyang'anye? (Mama mwenye wasiwasi)

Usimnyang'anye dada yangu. Chukua kimoja usome na wewe, halafu muulize ni nani kwenye stori alianza kumsingizia mwenzake na kwanini watu walimwamini. Akiweza kukujibu hilo yuko salama kuliko wifi yako. Cha kuangalia kwa umri huo ni kipimo cha ukatili, mateso yanayoelezwa kidole kwa kidole kurasa nne mfululizo hayo bado mapema, na mengi yamewekwa kwa ajili ya kushtua tu. Barua ya Junius ni fupi na inatisha zaidi.

Historia halisi naipata wapi bila kununua vitabu vya bei kali? Na wahusika waongee Kiswahili cha zamani? (Mwandishi wa usiku)

Lugha ya zamani achana nayo, ukimwekea binti wa 1650 maneno ya kishairi kila sentensi msomaji atachoka ukurasa wa pili. Mwondolee tu maneno ya kisasa mno, inatosha. Kuhusu historia, hati za Salem zipo bure kwenye intaneti, Chuo Kikuu cha Virginia kiliziweka, na Chuo Kikuu cha Edinburgh kina orodha ya washtakiwa wa Scotland kati ya 1563 na 1736, zaidi ya watu 3,800, unatafuta kwa jina, mahali, mwaka. Zingatia hiyo miaka, watu wanapenda kuandika "zama za kati" wakati uwindaji wenyewe wa wachawi ulipamba moto kati ya 1560 na 1650 hivi, vitabu vinachapwa, watu wanasoma. Na idadi ya waliouawa Ulaya nzima wanahistoria wanaiweka kwenye 40,000 mpaka 60,000, zile milioni tisa unazokutana nazo mitandaoni zifute.

Ukifungua hizo hati, hukumu ziache kwanza, nenda moja kwa moja kwenye ushahidi wa majirani. Utakuta nguruwe aliyeingia shamba la mtu, deni ambalo halikulipwa, mtu alinyimwa maziwa akaondoka ananung'unika na wiki ileile ng'ombe akafa. Dokezo zote za sura ya kwanza zimo humo, chagua ugomvi mmoja uanze nao.