Kwenye dami (ng'ombe bandia wa mazoezi) nanasa, juu ya farasi nakosa, shida nini?

SWALI: Mwalimu habari. Nipo Texas, nafanya kazi ranchi, nimeanza tim roping (mchezo wa wawili juu ya farasi, mmoja ananasa kichwa cha maksai kwa kamba, mwenzake miguu ya nyuma), mimi upande wa kichwa. Nikiwa chini kitanzi kinaingia kwenye pembe za dami bila shida, ila nikipanda farasi maksai akichomoka naambulia patupu. Halafu hata nikinasa naogopa kupiga dali (kuzungushia kamba kwenye nundu ya mbele ya tandiko), nasikia watu wamekatika vidole. Nifanyeje?

JIBU: Salama kaka. Mkono unao, kinachokuangusha ni kurusha kabla farasi hajakufikisha. Wapya wengi geti la maksai likifunguka tu wanainama mbele wanazungusha kamba kwa fujo, mkono wa kushoto wenye hatamu unapanda juu bila wenyewe kujua, farasi anahisi anavutwa anapunguza mwendo, basi kitanzi kinadondoka mgongoni kwa maksai. Kwa hiyo kwanza toka mara kadhaa umfukuze bila kurusha kabisa, zungusha tu. Kaa kushoto kwake, pua ya farasi ikifika usawa wa nyonga ya maksai na mwendo umetulia, hapo ndo mahali pako.

Kingine, ukiwa chini wewe na dami mko karibu usawa mmoja, ila juu ya tandiko pembe ziko chini yako, so ncha ya kitanzi lazima iinamie mbele, ukizungusha flati kama kofia inapita juu ya pembe. Lenga upande wa chini wa kitanzi ugonge mzizi wa pembe ya kulia, ncha itazunguka yenyewe ya kushoto, na kiganja kimalizie kikiangalia chini. Ukipata shingo, au pembe moja na pua, usinune, zote halali.

Dali sasa. Hofu yako ina maana, vidole gumba vinapotea kweli kwenye huu mchezo. Ukinasa vuta kamba ikaze, angalia nundu ya tandiko, zungushia kinyume cha saa huku KIDOLE GUMBA KIKO JUU muda wote, na mikunjo ya kamba iliyo mkono wa kushoto usipitishe kidole ndani yake. Usimgeuze farasi kushoto kabla dali haijakaa. Kamba ikijichanganya, achia, maksai ataletwa tena, kidole hakiletwi. Nundu ifunge raba ya tyubu ya tairi maana inashika haraka na huhitaji mizunguko mingi, na anza na gogo, si mnyama: farasi anatembea, unapiga dali, unaburuza, unaachia, hadi mkono uzoee bila kuangalia sana.

Ukishamudu hilo ndo umwite mwenzako wa miguu mfukuze maksai wazee wa taratibu, na umwonye mapema asirushe kabla maksai hajageuka kushoto kumfuata farasi wako, maana kwenye mashindano jaji anawafutia muda wote hata kama miguu yote miwili imeingia.