Nimeuziwa riali bandia ya Sayyid Barghash: je, niiuze kwa mtalii?

SUALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa Wete, napenda kukusanya sarafu za kale. Baada ya mchumo wa karafuu nilimuona mtu wa Unguja mtandaoni anauza riali ya fedha ya Sayyid Barghash, Sultani wa zamani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria. Nikamtumia laki nne kwa simu, sarafu ikaja kwa boti siku ya pili. Sonara aliipima, akaniambia ni shaba iliyopakwa fedha, tena imemiminwa kwenye kalibu. Muuzaji kanijibu mali ikishauzwa hairudishwi, kisha akanibloku. Wenzangu wananambia niende Forodhani nimuuzie mtalii, kwani mali ya kafiri si kama ya Muislamu. Na nikimtaja huyo muuzaji kwa jina, nitakuwa nimesengenya? Mke wangu hajui kama pesa zimekwenda.

JAWABU: Waalaykumus salaam warahmatullah. Mwanangu, Mungu akupe badali. La muuzaji ni jepesi. Hilo la wenzako ndilo lililoninyima usingizi.

Umenunua fedha ukapewa shaba. Kilichotajwa sicho kilichotolewa, basi mauziano hayo hayakusihi. Na hata ingekuwa fedha safi, bado pana tatizo: fedha kwa noti ni mkono kwa mkono, wala fedha haiachi kuwa fedha kwa sababu dola iliyoipiga imeondoka. Wewe ulitanguliza pesa leo ukapokea kesho. (Pesa za shaba za Sayyid Barghash, zile za 1299 zenye picha ya mizani, hazimo katika hukumu hii kwa kauli yenye nguvu kwetu Mashafi. Hizo ukitanguliza malipo hapana neno.) Kwa hiyo laki nne ni zako, ziko shingoni mwake, na hiyo shaba ni yake.

"Mali ikishauzwa hairudishwi" ni maneno ya kibao cha duka, si ya sharia. Imamu Nawawi ameeleza kwamba muuzaji akishurutisha kuwa hahusiki na aibu, yaani kasoro, yoyote ya bidhaa, sharti hilo halimwokoi ila katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Sarafu haina maradhi ya tumboni. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, hakumlaumu mnunuzi kwa kutochungua. Alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka ule ulioroa juu watu wakauona, akasema mwenye kughushi si katika sisi.

Sasa wenzako. Wanadai wamesimama kwenye dini, na mimi nasema wamesimama mahali Qur'ani ilipokwisha kupakemea. Katika Aal Imran, aya ya 75, Mwenyezi Mungu anawasifu watu wa Kitabu ambao ukiwaamini kwa mrundo wa mali watakurudishia, kisha anawataja wenzao wasiorudisha hata dinari moja, wakisema kuwa hawana lawama kwa wasiokuwa wa kwao. Akasema hao wanamzulia Mungu uwongo nao wanajua. Kauli ya vijana wa baraza yenu ni hiyo hiyo, imevaa kanzu tu. Huyo mtalii ameingia kwa viza, yaani kwa amani tuliyompa sisi wenyeji. Wanazuoni hawakuhitilafiana kuwa aliyepewa amani haibiwi wala halaghaiwi. Ukimla laki nne zake, umevunja ahadi ambayo nchi nzima imeitoa kwa niaba yako.

Tena utauza nini? Nimekwambia sarafu hiyo si yako.

Nakufahamu, unaona haki yako ipite mkononi mwa mtu mwingine. Lakini haki yako iko kwa aliyekula, haihamii kwa anayepita njia. Imamu Ghazali alipozungumzia dirhamu bandia alieleza kuwa ikikuangukia mkononi uitupe kisimani isimfikie mtu mwingine, kwa sababu kila atakayedhulumiwa nayo baadaye, dhambi inamrudia aliyeanza kuipitisha. Wewe usiitupe kwanza, ni ushahidi. Nenda nayo polisi pamoja na risiti ya muamala na ujumbe wake. Laini za simu siku hizi zimesajiliwa kwa alama za vidole, na sheha wake hawezi kukosa kumjua. Akipatikana, mrudishie shaba yake akurudishie pesa. Asipopatikana kabisa, mpe sonara aiyeyushe mbele yako, na bei ya shaba uipunguze katika deni unalomdai.

Kumtaja kwa wenye kutaka kununua kwake si kusengenya, ni nasaha. Sema yaliyokukuta, usimpachike mengine, na usimguse mamaake.

Kukusanya sarafu hakukatazwi. Ila safari ijayo kutaneni kwa sonara, mpime ndipo mlipane. Ukiletewa riali ya Maria Theresa, ile ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, ikazidi au ikapungua sana gramu 28, iache. Na anayekuapia kuwa yake ilipigwa 1780 kwa sababu mwaka huo umeandikwa, ama hajui ama anakuchezea, maana riali hizo ziliendelea kupigwa zaidi ya karne moja baadaye kwa mwaka ule ule. Sarafu iliyosuguliwa kwa dawa ili ing'are, muuzaji akanyamaza, hiyo nayo ni aibu iliyofichwa, kwani wenye kazi hii wanajua bei yake imeshuka. Na ukiambiwa imefukuliwa Mtambwe Mkuu, ule mji wa kale wa Pemba, usiiguse kabisa: pale zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili mwaka 1984, na kinachotoka ardhini pale ni cha umma.

Mkeo mwambie leo, kabla hajaambiwa na jirani. Kama katika hizo laki nne mlikuwamo masurufu ya nyumba, basi hilo ni deni lako wewe kwake, lipe kwanza kuliko riali yoyote.

Wallahu aalam.