Usingoje Uambiwe "Haya, Anza"

Hunijia wanawake, wengi wao wadogo kwangu, na swali lao ni moja: "Dada, waonaje, nianze?" Mmoja anataka kuuza mahamri barazani kwao Mkomani. Mwingine anajua kushona mabuibui. Mwingine ana mkono wa hina ambao sijauona kwa mtu mwingine, na harusi zinampita mlangoni. Nikiwasikiliza naona ujuzi upo na wateja wapo. Wanachongoja ni mtu wa kuwaambia haya, anza. Mtu huyo hayupo, na inanisikitisha kuona msimu baada ya msimu unakwenda wakimtafuta.

Mimi nauza achari ya embe hapa Lamu, upande wa Langoni. Maembe mabichi huyapata bara, kutoka miji midogo ya Hindi na Mpeketoni, yanavushwa kwa boti kutoka Mokowe. Kabla sijauza hata chupa moja niliuliza watu. Shangazi yangu akasema kila nyumba ina achari yake, nani atanunua? Jirani akasema nitafute friji kwanza. Mwenye duka mmoja akaniambia nirudi nikiwa na chupa zenye karatasi ya jina. Kaka yangu, ambaye ananipenda sana, akasema kwa Kiamu chetu, "Ngoya kwanda," yaani ngoja kwanza. Penye wengi pana mengi, na yote yalisemwa kwa nia njema.

Lakini tazama waliosema. Shangazi hajanunua achari maisha yake yote, kwa sababu anajitengenezea, basi atamjuaje mtu anayenunua? Jirani hajui kwamba achari iliyokaushwa vizuri na kuzama kwenye mafuta haihitaji friji. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutengeneza chakula cha kuuza. Mtu hukujibu kwa kipimo cha yale aliyoyapitia, na asipoyapitia hukujibu kwa hofu yake. Ukimwomba mtu kama huyo ruhusa, unamtwika mzigo usio wake, naye atakachofanya ni kukuambia usubiri, maana kusubiri hakumletei lawama.

Hata hivyo siwaambii watu waache kuuliza. Ulizeni, lakini mwulizeni aliyeifanya kazi, na mwulizeni namna ya kuifanya. Bibi mmoja mtaani kwetu ndiye aliyenifundisha kwamba chumvi hutiwa usiku, embe zitoe maji yake mpaka asubuhi, ndipo zianikwe. Hakuniambia kama niuze au nisiuze. Nahodha naye huuliza habari za upepo na mafungu ya mchanga, ila msukani hauachi.

Kujiamini kwenyewe hakukunijia kwa kujisemea maneno matamu. Kulikuja kwa mikono. Embe nazikata vipande, nazilaza na chumvi na manjano, kisha nazianika darini juu ya mkeka, chini ya chandarua kwa sababu ya nzi. Zinakaa mpaka kipande ukikikunja kinakunjika bila kukatika wala kutoa maji. Hapo ndipo nachemsha mafuta, nikayaacha yapoe kidogo, nikatia haradali, uwatu, pilipili na kitunguu thomu kilichopondwa. Chupa lazima iwe kavu kabisa, kwani tone moja la maji huleta ukungu. Na katika kila chungu ninachotengeneza natenga chupa moja siiuzi. Naiandika tarehe, naiweka kabatini, naifungua baada ya miezi kadhaa nione rangi, ninuse, nionje. Zile chupa za kabatini ndizo zilizonipa moyo. Mtu akiniambia leo achari yangu itaharibika njiani ikipelekwa Mombasa, simbishii kwa maneno. Namfungulia moja aonje.

Kwa hiyo kama hujiamini bado, usijilaumu, ulichokosa ni chupa za kabatini tu. Fanya kidogo, kitunze, kitazame kwa haki.

Wengine wakinisikia hudhani nawaambia watu wavunje sheria. Sivyo. Kibali cha biashara cha kaunti lazima ukikate, anayeshika chakula apimwe afya apate cheti, na ukitaka bidhaa yako ikae kwenye rafu za maduka utahitaji alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Hizo ni taratibu. Unakwenda ofisini, unauliza zinazotakiwa, unalipa, unapewa. Hakuna karani atakayekuuliza kama unastahili kuwa mfanyabiashara. Hilo ni swali unalojiuliza mwenyewe usiku, na watu wengi hawafiki ofisini kwa sababu yake.

Wazazi na mume ni jambo jingine, nalo nalichukulia kwa uzito. Sisi ni watu wa radhi, na sitaki biashara isiyo na radhi. Lakini mkono mtupu haulambwi. Wazo tupu likipelekwa kwa mzee, atalipima kwa wasiwasi wake. Mimi mume wangu nilimpelekea chupa na hesabu ya maembe, mafuta na viungo. Alisoma, akaonja, akauliza maswali ya maana. Tukawa tunazungumza juu ya kitu kilichoko mezani.

Nikiwa na shaka humkumbuka Habib Saleh, mwanachuoni aliyezaliwa Ngazija, visiwani Komoro, akahamia Lamu katika karne ya 19. Alikuwa na walimu wake, akiwaheshimu na kutafuta ushauri wao. Lakini alipoamua kuwasomesha maskini wa mji, watumwa na wazao wao, wakubwa wengine wa Lamu hawakupendezwa. Hakungoja wakubaliane, alisomesha. Kutokana na darsa zile ukaja Msikiti wa Riyadha, na leo kila mwezi wa Mfunguo Sita wageni hujaa mji mzima kwa ajili ya Maulidi.

Kuna ruhusa moja ambayo ni lazima uiombe, nayo ni ya mwenye mali. Pesa za karo, za chama, au alizokuwekea mtu amana si zako kujaribia, hata ungejiamini vipi. Anza na kiasi ambacho kikipotea hakuna mtu atakayelala njaa wala mtoto atakayerudishwa kutoka shule. Mimi maembe ya chungu cha kwanza niliyanunua kwa pesa za mikeka niliyoisuka mwenyewe, na kama yangeoza yote, nyumbani chakula kingepikwa vilevile siku ile.