Maswali ya Wasomaji: Superman, nianze na kipi?

Nimemjua Superman kwenye sinema tu. Nataka kusoma vitabu vyake vya katuni, lakini kila nikitafuta naletewa "namba 1" tano au sita tofauti. Ipi ndiyo yenyewe? (Msomaji, Mwanza)

Zote ni zenyewe, na hapo ndipo watu wanapopoteza hela. Jarida la Superman lilianza 1939, kisha likaanza kuhesabu upya 1987, 2011, 2016, 2018 na 2023. Kwa hiyo tazama mwaka kabla ya namba. Ukitaka toleo analouawa, kwa mfano, unatafuta namba 75 ya mfululizo wa 1987, iliyotoka mwishoni mwa 1992. Mfululizo wa 1939 nao una namba 75 yake, na haihusiani kabisa na kifo hicho.

Usianze na Action Comics namba 1 ya 1938, ingawa ndimo Jerry Siegel na Joe Shuster walimomtambulisha. Superman wa humo anaruka, ila si kwa maana unayoidhani: anaruka kama panzi, kiasi cha mita 200, kisha anatua. Kupaa kulikuja baadaye. Hata kryptonite, lile jiwe linalomlegeza, lilitokea kwanza kwenye mchezo wa redio, 1943.

Anza na All-Star Superman ya Grant Morrison na mchoraji Frank Quitely: matoleo 12 ya 2005 hadi 2008, yaliyokusanywa katika juzuu moja. Haikudai ujue chochote. Ukurasa wa kwanza unamaliza habari ya kuzaliwa kwake kwa picha nne na maneno manane ya Kiingereza, kisha hadithi inaondoka: Superman amelikaribia jua mno akiokoa watu, chembe za mwili wake zimejaa nguvu kupita kiasi, na anakufa polepole. Kinachobaki ni namna anavyotumia siku zake.

Ukiimaliza, soma Superman for All Seasons (1998, matoleo manne), ya taratibu, ya kijana wa shamba. Kisha For the Man Who Has Everything ya Alan Moore na Dave Gibbons, iliyo katika toleo la mwaka (Superman Annual) namba 11 la 1985. Inasomwa kwa mkao mmoja. Red Son na Kingdom Come ziache kwanza. Zinampindua Superman, na raha ya kupinduliwa huipati kama humjui alivyosimama.

Filamu za vibonzo zinatosha badala ya vitabu? (Msomaji, Nairobi)

Mara nyingi hapana, kwa sababu ya muda. Nyingi zina dakika 75 hadi 90. All-Star Superman ya 2011 ni nzuri, lakini sura za Bizarro, yule nakala ya Superman iliyo kinyume chake, hazimo, wala ule ukurasa wa toleo la 10 ambapo anamzuia msichana asijirushe kutoka ghorofani. Ukurasa huo ndio roho ya kitabu.

Kuhusu kifo chake kuna filamu mbili, usizichanganye. Superman: Doomsday ya 2007 imebana kila kitu na kuwatupa wale wanne waliojitokeza kushika nafasi yake. Chukua The Death of Superman (2018), halafu mwendelezo wake, Reign of the Supermen (2019), kwa mpangilio huo.

Filamu inayotosha badala ya kitabu ni moja: Superman vs. The Elite (2012). Ilitokana na toleo moja tu, Action Comics namba 775 la 2001, kwa hiyo badala ya kukata, ilipata nafasi ya kupanua. Hapo filamu haiachwi nyuma na kitabu.

Mwanangu ana miaka minane. Zipi za bure na salama? (Msomaji, Tanga)

Zile filamu fupi 17 za vibonzo vya Superman za 1941 hadi 1943, takribani dakika nane hadi kumi kila moja. Hakimiliki yake imekwisha, hivyo kuzipakua si wizi. Tafuta nakala iliyosafishwa. Nyingine zimefifia hadi nyuso hazionekani.

Mpe tisa za kwanza, zilizotengenezwa na studio ya Fleischer, kuanzia ya mwanasayansi mwendawazimu hadi Terror on the Midway. Nane za mwisho zichuje mwenyewe kwanza. Japoteurs (1942) inawakejeli Wajapani, na Jungle Drums (1943) inawachora Waafrika kama washenzi wanaotumikishwa na Manazi. Si ya kumwachia mtoto peke yake.

Akifika miaka kumi hivi na anasoma Kiingereza, mnunulie Superman Smashes the Klan ya Gene Luen Yang, inayotokana na mchezo wa redio wa 1946 dhidi ya wabaguzi wa rangi.

Nasoma kwenye simu, picha zinakatikakatika. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

Zima ile hali ya kuonyesha picha mojamoja, kisha laza simu ukifika kwenye picha iliyotanda kurasa mbili. Kwenye kitabu cha The Death of Superman hili si la hiari. Matoleo manne ya mwisho yanahesabu kushuka: picha nne kwa ukurasa, kisha tatu, kisha mbili, hadi namba 75 ambamo kila ukurasa ni picha moja. Ukisoma picha mojamoja, hesabu hiyo huioni kabisa.